Watu Waliokaa Kimya Saa Kumi

Haya si ya zamani za kale. Ni ya juzi juzi, katika nchi ambayo jina lake silitaji, si kwa woga, la hasha, ila kwa sababu wakati yanatokea jina lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye kamati ili lirefushwe, na kamati ilikuwa bado inakunywa chai.

Katika nchi hiyo aliishi Bi Mwatima binti Sefu, mama wa miaka sabini na mmoja, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu posta kuu tangu enzi za waya mpaka alipostaafishwa kwa barua iliyomshukuru kwa jina la mtu mwingine. Alikuwa mjane, watoto hakujaliwa, magoti yanamsumbua, na ulimi wake, astaghfirullah, ndio pekee ambao haukustaafu. Ndugu aliyebakia naye duniani alikuwa mmoja tu, kaka yake, Mzee Dadi, mpiga fidla wa zamani, aliyeishi ng'ambo ya mto.

Mto wenyewe si mpana. Mtu akipiga chafya upande huu, mbuzi wa upande ule hugeuka. Na daraja lilikuwapo, la zege, zuri, limekamilika mwaka wa tisa sasa. Ila lilikuwa linasubiri kufunguliwa rasmi, na mnajua wenyewe, haiwezekani raia akapita juu ya daraja ambalo mkubwa hajalikatia utepe. Kivuko nacho kiliondolewa, maana cha nini kivuko na daraja lipo? Kwa hiyo kufika ng'ambo ilibidi kuzungukia kaskazini, siku mbili, mabasi matatu na kibali cha kuzunguka. Magoti ya Bi Mwatima hayakuiweza safari hiyo.

Mzee Dadi alikuwa amepigwa na kiharusi miaka minne nyuma. Ulimi uliganda. Mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi, ukafa. Kilichobaki kinachofanya kazi ni kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na masikio. Masikio, alhamdulillahi, yalikuwa mazima kabisa.

Basi dada na kaka wakawa wanakutana kwenye simu, ndani ya kundi.

*

Kundi liliitwa Wapenzi wa Muziki wa Kale. Lilikuwa na watu mia moja arobaini na watatu kutoka mikoa tisa, na mwenye kulisimamia alikuwa Bi Mwatima, kwa vile kazi ya kuunganisha watu ameijua tangu usichana. Humo walizungumza tangu alfajiri, habari za bashrafu, yaani muziki wa ala tupu usioimbwa, na wapigaji wake.

"Assalaam alaykum jamaa. Huku mvua. Nimetoa sahani ya santuri, bashrafu ya marehemu babu, ina mikwaruzo lakini udi unasikika."

"Ilete, ilete! Mikwaruzo ndiyo umri wake."

"Mpiga nai humo ni yule aliyekuwa na pumu?"

"Ndiye. Lakini akipuliza huwezi kujua."

Alikuwamo Maalim Zubeiri, mwalimu mstaafu wa hesabu na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, aliyeamini kwamba muziki ulikufa siku akodiani iliposhuka melini. Bi Mwatima hakumwacha apumue.

"Maalim, wewe ukiona akodiani tumbo linakuuma."

"Tumbo haliumi, dada. Roho ndiyo inauma."

Mara moja mtu aliuliza kama ni kweli udi wa zamani ulipigwa kwa unyoya wa ndege. Ikawa kweli. Ndege gani sasa? Loo! Walibishana siku nzima, tai au kunguru, mpaka wawili wakajitoa kwenye kundi kwa hasira, wakarudi jioni kuomba warudishwe kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kubishana naye.

Lakini saa kumi alasiri mabishano yalikoma. Mwenye zamu hutuma muziki wa siku hiyo, kisha huandika neno moja: "Kaeni." Tangu hapo hakuna anayeandika. Ndiyo adabu waliyolelewa nayo: ala zikianza, mtu hashiki kitu, hanong'oni, chai yake huiacha ipoe, na simu huilaza mezani kifudifudi. Dakika kumi na mbili, dakika kumi na saba, kadiri muziki ulivyo. Ukiisha, kila mmoja huandika: "Nimekaa." Asiyeandika huulizwa hali yake, na aliye karibu naye hutumwa kwenda kumtazama.

Neno la Mzee Dadi lilifika la mwisho siku zote. Kile kidole kimoja kilitafuta herufi, kikakosea, kikafuta, kikaanza upya. Dakika nne, tano, siku nyingine saba. Bi Mwatima aliishika simu kwa mikono miwili, asikohoe. Likiingia lile neno, husema kwa sauti, peke yake chumbani, "Haya kaka," ndipo akainuka kwenda kuwasha jiko. Hakuwa na habari nyingine yoyote ya kaka yake isipokuwa hiyo: yu hai, amesikia, yupo kitini pake. Ilimtosha.

*

Sasa nchi ile ilikuwa na Wizara ya Mazungumzo ya Wananchi. Msidhani ilikuwapo kuwakataza watu kusema. Hapana jamani! Serikali ile ilipenda watu waseme, iliwahimiza, iliwabandikia mabango: SEMA, USIKIKE. Na kweli, kila aliyesema alisikika, tena siku hiyo hiyo. Pale wizarani kulikuwa na mashine ya kuhesabu maneno ya taifa zima, na waziri alijivunia kwamba wananchi wake husema kuliko majirani.

Siku moja mashine ikagundua tundu. Kila siku, saa kumi kamili, watu mia moja arobaini na watatu katika mikoa tisa walinyamaza kwa pamoja.

Bi Mwatima akaitwa. Aliyempokea alikuwa kijana mnene mwenye tai fupi, Bwana Nyangasi, Afisa Msikilizaji Mwandamizi Daraja la Pili. Alimwagizia kiti, akamwamkia shikamoo, akafungua faili.

"Mama, mnanyamazia nini?"

"Marahaba, baba. Tunasikiliza muziki."

"Wote?"

"Wote."

"Hakuna hata mmoja anayesema kidogo? Hata kumwambia mwenzake 'huu mzuri'?"

"Hatusemi mpaka uishe, mwanangu. Ni ukosefu wa adabu."

Bwana Nyangasi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mama, wewe ni mtu mzima, naomba unielewe. Juzi Mheshimiwa alihutubia taifa. Tuliomba ukimya wa dakika moja tu, kwa heshima ya hotuba yake mwenyewe. Tulipata sekunde tisa. Tisa! Na polisi walikuwapo. Sasa ninyi wazee, bila mgambo, bila tangazo, bila bajeti, mnapata dakika kumi na saba kila siku. Nani yuko nyuma yenu?"

"Nyuma yetu?"

"Nani anawanyamazisha?"

"Mpiga fidla," akasema Bi Mwatima, na Bwana Nyangasi akaandika hivyo, akapigia mstari.

*

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili, ukasomwa kundini na Bwana Nyangasi mwenyewe, aliyeingizwa humo kama mwanachama wa mia moja arobaini na nne, kwa cheo cha Mzungumzaji. Ulianza hivi: "Kwa kutambua mchango adhimu wa wazee wetu katika kutambua mchango wa wengine." Halafu ukashuka kwenye mambo. Ukimya wa pamoja usizidi sekunde ishirini. Muziki ukipita hapo, Mzungumzaji ataujaza. Na lile neno "Nimekaa" lilikuwa halina mashiko kisheria, kwa sababu halielezi mtu amekaaje. Kuanzia sasa, ndani ya dakika mbili baada ya muziki, kila mwanachama ataandika tamko kamili: "Mimi Fulani bin Fulani, raia mwema, nimesikiliza kwa hiari yangu na nimeridhika kikamilifu." Atakayeshindwa mara tatu ataondolewa, na ataandamwa na faili.

Kesho yake saa kumi Maalim Zubeiri alituma bashrafu aliyoipenda kuliko zote. Fidla ikaingia polepole, ikaomba ruhusa kwa udi, na simu zote mia moja arobaini na tatu zikalia ting!

"Wananchi, fidla inaendelea kwa amani na utulivu."

Ting! "Mpiga udi ameongeza kasi. Hii ni dalili ya maendeleo."

Ting! "Kuna mtu amekohoa kwenye rekodi. Suala hilo linafuatiliwa."

Ukaisha. Wazee wakakimbilia matamko yao, miwani puani, wengine wakijiita raia wema kwa herufi zilizopinda. Bi Mwatima alimaliza la kwake kwa dakika moja unusu, akatulia kumngoja kaka. Dakika mbili zilipotimia lilikuwa limeingia hili tu: "Mimi Da".

"Onyo la kwanza," akaandika Bwana Nyangasi, akaweka na ua.

Kesho yake ikaja "Mimi Dadi S". Onyo la pili.

Kundi zima likamwangukia Mzee Dadi. Anza mapema, kaka! Muziki ukianza tu na wewe anza kuandika, una dakika kumi na saba nzima, nani atajua? Maalim Zubeiri, ambaye aliwahi kumfukuza mtoto wake sebuleni kwa kutafuna njugu wakati wa kanuni, ndiye aliyesisitiza zaidi: "Andika ala zikipigwa, kaka. Mungu atakusamehe, na sisi tumeshakusamehe."

Bi Mwatima alisoma yale yote, machozi yakamlengalenga, maana alimjua kaka yake. Tangu utotoni Dadi hakuwahi kugusa kitu muziki ukipigwa. Wangemwambia nyumba inaungua, angengoja kipande kiishe. Alimwona huko aliko, simu imelala kifudifudi, kidole kimetulia juu ya goti, anasubiri sauti ya mwisho izimike ndipo aanze kukimbizana na tamko la serikali kwa kidole kimoja.

*

Asubuhi yake Bi Mwatima alikwenda wizarani bila kuitwa, jambo ambalo liliwasumbua walinzi kwa kuwa hawakuwa na kitabu cha kuandikia waliokuja wenyewe.

"Baba, kaka yangu ni mgonjwa. Hasemi, na mikononi kimebaki kidole kimoja. Mwacheni aandike neno lake moja kama zamani."

"Msamaha upo, mama," akasema Bwana Nyangasi kwa furaha, akafungua kitabu cha kanuni. "Kwa wasioweza kusema kuna msamaha kamili. Mhusika anafika hapa yeye mwenyewe, anasema mbele ya afisa kwamba hawezi kusema."

Bi Mwatima alimtazama. "Yuko ng'ambo ya mto."

"Si kuna daraja?"

"Halijafunguliwa."

"Hilo ni kweli." Bwana Nyangasi akashusha sauti, maana ukutani palikuwa na picha ya daraja lenyewe. "Daraja ni mafanikio, mama. Halikusemwa kuwa njia."

Hapo Bi Mwatima akalia. Hakuwa amepanga. Alilia kwa sauti, leso mdomoni, akasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba hana mwingine, kwamba lile neno moja la saa kumi ndilo linalomwambia kama kesho ana ndugu au hana, kwamba wakimtoa kaka yake kwenye kundi watakuwa wamemzika akiwa hai. Bwana Nyangasi alisogeza kikombe cha chai, akakirudisha. Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na mama, na mama yake alikuwa mkoa mwingine, na ilikuwa wiki ya tatu hajampigia.

"Kuna huduma mpya," akasema mwisho. "Haijazinduliwa, lakini inafanya kazi. Inaitwa Kuridhika kwa Niaba. Ni ya wazee, wagonjwa na wabunge. Ndugu anasaini hapa, na tangu siku hiyo tamko la mhusika litakuwa linaingia lenyewe, kwa wakati. Yeye asikilize tu, asihangaike na kuandika."

"Na mtajuaje kama amesikiliza?"

"Mama, hiyo kazi tuachie sisi."

Aliyechoka haulizi mara mbili. Bi Mwatima alisaini, akambariki yule kijana, akamwombea mke mwema na cheo cha Daraja la Kwanza.

*

Siku ile saa kumi muziki ulipoisha, kabla mtu yeyote hajagusa simu yake, likaingia: "Mimi Dadi bin Sefu, raia mwema, nimesikiliza kwa hiari yangu na nimeridhika kikamilifu." Halikukosa hata nukta.

Kundi likalipuka kwa shangwe. "Kaka Dadi! Umetuacha wote!" Maalim Zubeiri akaapa kwamba na yeye atauvunja mkono wake ili apate huduma. Bi Mwatima alicheka mpaka akakaa chini. Basi tena, kaka yake ameachwa asikilize kwa raha zake. Zile dakika za kumngoja, roho mkononi, zikawa zimekwisha. Alianza kupika saa kumi na dakika ishirini badala ya saa kumi na nusu, akanenepa kidogo, akalala.

Wiki zikapita. Bwana Nyangasi aliendelea kuwatangazia wananchi kwamba nai imeingia na hali ni shwari. Mwisho wa mwezi wa pili akaleta habari njema: wizara imemteua Mzee Dadi bin Sefu kuwa Msikilizaji Bora wa Mwaka, kwa kuwa hajawahi kuchelewa hata sekunde. Cheti kikatumwa kundini, kina nembo na picha ya mashine. Bi Mwatima alikibusu kwenye kioo cha simu. Alitamani mama yao angekuwa hai akione.

Siku ya nne baada ya cheti, asubuhi, akapigiwa na namba asiyoijua.

"Bi Mwatima? Mimi Nunu, jirani yake Mzee Dadi, yule wa kumpikia uji. Nimekutafuta wee, dada yangu. Simu sina, hii ya kuazima. Namba yako nimeiona leo ndani ya kasha la fidla, kwenye karatasi."

"Anasemaje kaka? Anataka kitu?"

Bi Nunu akasema, "Dada, Mzee Dadi tumemzika. Leo ni siku ya ishirini na tatu."

"Hapana."

"Dada yangu."

"Hapana, Nunu. Jana kaandika. Mimi mwenyewe nimesoma." Sauti ya Bi Mwatima ikapanda. "Kaandika ameridhika! Ishirini na tatu gani? Wiki hii hii kapewa cheti!"

Upande wa pili Bi Nunu alikuwa ameanza kulia. Akaeleza kwa kukatakata. Ilikuwa alasiri, alimkuta kwenye kiti, mkono juu ya goti, kama aliyesinzia. Wanaume wa mtaa walimwosha, walimwosha vizuri, sanda ilikuwa safi, watu walijaa. Walijaribu kuandika kundini kwa simu ya marehemu kuwapasha habari, lakini kila wakibonyeza, wakiandika au wakipiga, ilijibu: "Mteja huyu ameridhishwa, hahitaji kuandika."

Bi Mwatima hakusikia yaliyofuata. Alikaa sakafuni, akamlilia kaka yake mpaka majirani wakaja. Na kilichomchoma kuliko vyote, alisema baadaye, ni kwamba siku ishirini na tatu alikuwa anapika, anakula, anacheka na kulala usingizi, na kaka yake yumo ardhini bila dada yake kumsomea hata yasini.

Aliliandikia kundi. Rambirambi zikamiminika, inna lillahi kwa mamia, Maalim Zubeiri akashindwa kumaliza sentensi. Siku hiyo hakuna aliyetuma muziki. Bwana Nyangasi alikuwa kwenye semina ya usikivu, hivyo hata Mzungumzaji hakuwapo. Saa kumi na dakika kumi na saba, katikati ya rambirambi za kifo chake, likaingia:

"Mimi Dadi bin Sefu, raia mwema, nimesikiliza kwa hiari yangu na nimeridhika kikamilifu."

*

Bi Mwatima alikwenda wizarani kwa mara ya tatu. Njia nzima alipanga maneno, na yalikuwa maneno makali, ya kumvunja mtu. Bwana Nyangasi alimsikiliza amesimama. Kisha akakaa, akafungua mashine, akatazama, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Lakini kumbukumbu zinaonyesha jana mzee aliridhika. Mtu aliyeridhika jana hawezi kuwa amekufa mwezi uliopita. Itabidi ng'ambo walete cheti cha kifo, na ofisi ya vyeti ya ng'ambo iko huku."

Yale maneno makali yalikuwa yamemwishia Bi Mwatima mlangoni. Bwana Nyangasi akainuka, akafunga mlango.

"Lakini kuna fomu hii," akasema taratibu. "Kusitisha kwa Ombi la Ndugu. Haina haja ya cheti. Wewe ulisaini kuanzisha, wewe unaweza kusitisha. Weka sahihi hapa, mama, nami nitaipitisha leo hii."

Bi Mwatima akaichukua kalamu. Aliinama juu ya karatasi, akaweka herufi ya kwanza, akasita.

"Nikisaini, inakuwaje?"

"Anatoka kundini. Jina lake halitaonekana tena."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Na nisiposaini?"

Bwana Nyangasi alishindwa kumtazama machoni. "Ataendelea. Kila siku, kama kawaida. Mashine haichoki."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Bi Mwatima alitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akalitazama jina la kaka yake lilivyoandikwa, jina kamili na la baba yao. Alijua ni uongo. Alijua ni wa nani na umetoka kwenye chombo gani. Akairudisha kalamu mezani.

"Acha tu, mwanangu," akasema.

Alijifunga kanga yake, akatoka. Alitembea upesi kadiri magoti yalivyomruhusu, asije akachelewa kufika nyumbani.